Fungu la Marehemu Placidi

Mambo ya ofisi nayajua kuliko mtu yeyote hapa Tingi. Ofisi niliyowahi kuingia ni moja tu, tena nilikuwa nakimbia mvua, lakini nilikaa humo mpaka ikakatika.

Placidi alikufa Jumanne, mwezi wa pili, akazikwa Alhamisi na suti yake ya kahawia. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mtoni, anapima kina cha maji yanayoshuka ziwani, kama alivyofanya miaka miwili kwa ajili ya utafiti wa chuo kikuu. Mkewe, Kunigunda, akampelekea uji. Akanywa nusu, akasema sukari imepungua.

Hakuna aliyemlaumu. Jina lake lilikuwa kwenye bajeti. Dokta Somoe, mwenye utafiti, alieleza vizuri kabisa: fungu la msaidizi limeandikwa Placidi, na kulihamishia kwa mtu mwingine kunataka kibali cha chuo. Kikitoka, Kunigunda atapima mto na mumewe atalala. Kisipotoka, msaidizi ni yuleyule. Barua ikaandikwa. Fomu ilitaka saini ya msaidizi anayeondoka, Placidi akaitia, mwandiko mzuri kuliko alipokuwa hai, maana mkono ulishaacha kutetemeka.

Shida ilikuwa matanga. Utaanuaje matanga huku marehemu anapita uani na fimbo ya kupimia, anawauliza watu wameamkaje? Basi mashemeji waliokuja kulia wakabaki. Mwezi wa nne walimaliza maharage. Mwezi wa sita wakaanza mahindi ya mbegu, na bila mbegu Kunigunda hana msimu. Kila Jumamosi alifua suti, akachungulia kihenge.

Alimwomba mumewe aache tu kwenda kazini. Placidi alijaribu. Alijilaza kaburini vizuri, akajifunika, lakini ilipofika saa kumi na mbili miguu iliinuka yenyewe.

Mwezi wa nane afisa wa bajeti wa chuo, Hyasinti, alikuja kukagua mradi. Kijana wa watu, ana adabu. Alimkuta Placidi uani anakausha suruali.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa."

Kunigunda akamwekea chai na bakuli la kande lisilo na maharage, akaulizia barua. Hyasinti akafungua jalada. Barua ilikuwa juu kabisa, ina alama ya kikombe. Akasema kwa upole kwamba mwaka wa fedha umeshageuka, kwa hiyo iandikwe upya, ianze safari upya. Kunigunda akauliza kwa nini haikusainiwa mwaka ulipokuwa haujageuka. Kijana akainamisha uso. Alikuwa na msiba, akasema, mwezi mzima yuko Kigonsera kumzika baba yake mdogo, Romanus.

"Romanus wa mashine ya kusaga?" Placidi akauliza.

"Ndiye, mzee. Tumemzika mwezi wa sita."

Placidi akageuza suruali upande wa pili.

"Huko kwetu makaburini hajafika. Wa Kigonsera nawapokea mimi mwenyewe, na Romanus ningemjua hata kwa kikohozi."

Mashemeji wakaacha kutafuna. Hyasinti akakoroga chai ambayo alishaimaliza.

"Labda," Kunigunda akasema, akimwongezea kande, "naye anasubiri kibali."