Krimu ya Mzee Murhula

Mtu akikuambia kuchagua rangi ya ukuta ni kazi ndogo, mwulize kama amewahi kukaa siku mbili na Mwantum mbele ya viraka viwili vyeupe. Kwa mpita njia vyote vilikuwa vyeupe, basi. Lakini kimoja kilikuwa na njano kidogo ndani yake, kama maziwa yaliyoanza kufanya utando, na cha pili kilikuwa na buluu kwa mbali, kama shuka iliyosuuzwa vizuri. Cha joto na cha baridi. Mwantum alivuta kiti cha plastiki katikati ya sebule tupu ya nyumba yake mpya ya Kinindo, Bujumbura, akavitazama asubuhi, akavitazama adhuhuri, akavitazama jua likiinamia ziwa, na kila mara akabadili mawazo.

Msimlaumu. Mwanamke huyu ameuza vitenge Buyenzi miaka thelathini, akiishi kwenye nyumba iliyojaa watu, redio na nyundo za mafundi wa magari, na tangu azaliwe hajawahi kulala chumba cha peke yake. Sasa watoto wana makwao, naye amepata nyumba ambamo mtu anasikia pumzi zake mwenyewe. Akitazama kiraka cha baridi alijiona amelala mchana, madirisha wazi, pazia likijaa upepo na kupwaya, hakuna anayemwita. Akitazama cha joto aliona viatu vingi mlangoni na wageni wasio na haraka ya kuondoka. Yote hayo alimweleza fundi wake wa rangi, Mzee Murhula, aliyesimama kando na brashi yake akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayepima uzito wa jambo.

Kumbe masikini hakuwa anapima kitu. Kwa macho yake vile viraka vilikuwa kimoja.

Murhula alitoka Bukavu miaka ishirini na mitano iliyopita, na huku Bujumbura jina lake lilijengwa na jicho lake. Watu walikuwa wakimleta kwenye nyumba zao kabla hata ya kununua rangi, ili awaambie tu ukuta unataka nini. Halafu, tangu mvua za mwaka jana, kitu kikatua machoni, polepole, bila maumivu. Dunia ikawa ya asali. Mashati meupe ya wanafunzi, mawingu, unga sokoni, vyote vikaogea katika mwanga wa saa kumi na moja jioni hata ikiwa saa tatu asubuhi. Tuseme kweli, palikuwa na uzuri wake. Siku nyingine alisimama barabarani Ngagara akiangalia kuta za zamani zikiwaka kwa upole namna ile, akasahau alikokuwa anakwenda.

Lakini fundi wa rangi asiyeona rangi ni fundi gani? Alikiogopa kisu cha daktari wa macho, na midomo ya watu aliiogopa zaidi. Siku watakapojua, nani atamwita tena? Kwa hiyo hakumwambia mtu, hata mkewe Pascaline, mama wa watoto wake saba. Akaanza kuhesabu. Ndoo moja ya nyeupe, matone kumi na mawili ya njano kali, ndiyo krimu. Ndoo moja, matone matatu ya buluu, ndiyo ile ya baridi. Kichupa cha njano mfuko wa kulia wa koti la kazi, cha buluu mfuko wa kushoto. Vichupa vyenyewe vilifanana, na lebo zilikuwa zimefunikwa na madoa zamani. Mwaka mzima hesabu hiyo ilimbeba, wala hakuna aliyenusa.

Siku ya tatu Mwantum alifika na uamuzi. Alisema ameota usiku yuko ndani ya kile kiraka cha baridi, pamenyooka na pazuri, akatafuta mlango asiuone. Kimya alikitaka, ila alitaka kimya chenye watu wanaokuja. Basi, apakiwe ya joto, sebule nzima. Akaenda zake sokoni.

Murhula akavaa koti. Koti lilikuwa linanukia sabuni, maana Jumamosi Pascaline alitoa vichupa, akalifua, na lilipokauka akavirudisha. Alivirudisha mifuko ipi? Yeye angejuaje kwamba ina maana? Aliyemficha mkewe alijitegea mwenyewe. Murhula alitia mkono mfuko wa kulia, akahesabu matone kumi na mawili, na kila tone, kwa macho yale, lilianguka jeusi kama kahawa, liwe la njano au la buluu. Akakoroga mpaka ndoo ikatulia.

Akapaka. Ee, siku ile alipaka! Brashi ilikwenda yenyewe, rangi ikakaa bila kudondoka, na ukuta ukamfungukia mbele yake laini, mtulivu, wenye joto la mkate uliofunikwa kitambaa. Aliona ndiyo krimu bora aliyowahi kuitengeneza maishani. Alisikia kama anatembea ndani yake, yuko nyumbani kwa mama yake, na hapana mtu aliyezeeka. Machozi yalimlengalenga, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na rangi.

Baada ya sala ya alasiri Mwantum akaingia. Akasimama mlangoni. Macho yake yakatembea ukuta hadi ukuta, na Murhula, mtu wa watu, alidhani amependa.

"Mzee," Mwantum akasema, "nani alikwambia ubadilishe?"

"Kubadilisha nini, mama?"

"Rangi. Nilisema krimu."

"Si ndiyo krimu hii."

Mwantum alizaliwa na hasira za karibu, na alikuwa amefungua mdomo amchambe. Lakini akamwangalia usoni, akaona mtu yule hatanii wala hadanganyi. Akaufunga. Akatoa kwenye mkoba vipande viwili vya kitenge, akavishika juu, akamwuliza kipi ni cha rangi ya bahari na kipi ni cha rangi ya majivu. Mfanyabiashara wa vitenge ana namna zake za kumjua mtu. Murhula akaelekeza kimoja. Kisha kingine. Kisha mkono ukashuka wenyewe.

"Tangu lini?"

"Mwaka."

"Na nyumba za watu?"

"Nahesabu matone."

Akamweleza yote, hata kisu, hata Pascaline, akitazama miguu yake. Alisema anaona haya. Alisema jicho ndilo alilonalo, hana shamba wala duka, na akiwa si fundi wa rangi hajui atakuwa nani kwenye mji huu. Mwantum alimsikiliza amesimama. Akamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, tena akalisema kwa ukali, maana huruma yake haikuwahi kujua kutoka kwa njia nyingine.

Murhula akasema atarudia kazi kesho bila kudai kitu, yeye mama asimame hapo amwambie anakosea wapi. Kisha akauliza neno moja tu. "Iko namna gani, ukuta? Kwa kweli yake."

Mwantum akaufikiria. Akamshika kiwiko, akampeleka dirishani. Mvua ilikuwa imeosha anga asubuhi, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira ilisimama yote, mstari kwa mstari.

"Iko sawa na ile milima. Ile ya nyuma kabisa."

Murhula alitazama sana. Nyuma ya milima hiyo ndiko kwao. Yeye aliona kitu cha rangi ya mchanga, kisicho na mwanzo.

"Mi nilizani ni vumbi ya kiangazi," akasema. "Nilizani mwaka huu haijatoka."

Mwantum akamwachia kiwiko. Akageuka, akautazama ukuta wake wa baridi, ambao hakuuchagua, akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele yake kama mtu anayeanza kukizoea kitu.

"Usiuguse," akasema. "Mi nitakaa nao hivi hivi, wageni waseme watakavyosema. We enda kwa munganga wa macho, na mama Pascaline akupeleke, leo umwambie. Siku utaingia humu uone hii buluu kwa macho yako, ndiyo siku utanipakia krimu."

Murhula akautafuta mfuniko wa ndoo sakafuni kwa mikono, akaupata, akafunika.