Bomba la Wake Wawili

Kabla ya Operesheni ya kutuhamishia vijijini nilipatana vizuri na mke mwenzangu Klara, kwa sababu nilikuwa simwoni. Tembe lake lilikuwa ng'ambo ya mbuga, langu huku karibu na Kintinku. Mume wetu Mazengo akitoka kwake alirudi na tope jeusi miguuni. Namwekea maji, ananawa, nayamwaga, na Klara ameondoka nayo. Wivu ulikuwepo, sikatai, lakini ulikuwa wivu wa mbali.

Kisha yakaja malori ya serikali. Wote tuhamie kijiji kimoja, nyumba kwa mstari. Balozi wetu wa nyumba kumi, Yeremia, aliyegawa viwanja, akaona familia moja isitenganishwe. Akanipa mimi kiwanja upande huu wa hospitali ya misheni, na Klara upande wa pili. Nikawa naona moshi wa jiko lake kutoka mlangoni kwangu. Kila asubuhi ananiamkia kwa sauti ya kufika hadi kwa majirani, "Shikamoo dada!", utadhani nimezaliwa mwaka mmoja na bibi yake.

Katikati yetu palikuwa na chumba cha kufulia cha hospitali, na fundi bomba wa hospitali alikuwa Mazengo. Sista Cecilia, mkuu wa pale, hakupenda uke wenza hata kidogo. Ila alipenda maji yatoke bombani, kwa hiyo alifumba macho.

Mwaka ule wa njaa ikaletwa mashine ya kufulia, ya kuendeshwa kwa umeme wa jenereta. Sista akaamuru chumba kitengenezwe upya. Masinki ya saruji yang'olewe, sakafu imwagwe mpya, na maji machafu ya mashine yatafutiwe njia ya kutokea. Akasema hayafai kunywa wala kumwagilia mboga, lakini migomba itayanywa.

"Elekeza unakoona kunafaa, Mazengo," akamwambia.

Mgomba, jamani! Kwetu, ambako kiangazi hata mbuyu unaonekana una kiu, mwanamke mwenye mgomba uani huamkiwa kwanza. Kijiji kizima kikasubiri kuona bomba litaelekea wapi, maana litakakoelekea ndiko aliko mke anayependwa. Mimi sikuwa na shaka. Mimi ndiye niliyemlisha Mazengo wakati hana hata spana.

Jioni akaja, akakaa, akakuna kichwa.

"Mama Damiani, nitaweka tii. Bomba litoke chumbani moja, nje ligawanyike. Nusu ya maji kwako, nusu kwa mwenzako, Mama Gasto."

"Nusu?"

"Vitenge nawanunulia sare. Sukari nagawa sawa. Na maji nitagawa sawa."

Nusu! Mke mkubwa, nusu!

Kesho yake nikaenda kuangalia kazi. Ndani alikuwa amesimamisha bomba ukutani, refu hadi kifuani, mpira wa mashine utumbukizwe kwa juu. Nikamuuliza kwa nini maji yapandishwe kwanza ndipo yashushwe.

"Mpira ukikaa chini, mashine inajazwa huku na kujimwaga huku. Haitajaa milele."

"Nina mume wa hivyo," nikamwambia.

Akaendelea kukaza bomba. Nikatoka nje kwenye mtaro alikolaza mabomba, nikamimina ndoo ya maji pale penye tii. Yote yakakimbilia kwa Klara. Kwangu yakaja mate tu.

"Ardhi imeinama kidogo upande ule," Mazengo akasema. "Nitainyanyua."

"Ardhi imeinama, au wewe ndiye umeinama?"

Tulikuwa tunampikia kwa zamu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Klara, na mchana Mazengo akaenda kula kwake, tii ikiwa wazi, haijafungwa. Nikabaki mtaroni. Mara nikamsikia anacheka. Mazengo, ambaye kwangu anakula ugali kama yuko matangani, anacheka! Na Klara naye anacheka. Roho ikaniuma, ikaniuma kweli. Nikaenda nyumbani, nikachana upindo wa kitenge changu, nikausokota, nikausukuma kwa mti ndani kabisa ya mkono wa bomba unaokwenda kwa Klara. Nikapangusa mikono. Sasa maji yatachagua pa kwenda.

Kesho yake ikawa zamu yangu. Nilimpikia ugali wa unga wa njano wa msaada na mlenda, nikamkalisha makusudi, nikamwongeza na kumwongeza, nimsikie naye akicheka kwangu. Hakucheka. Akarudi kazini, akafunga tii, akafukia mtaro.

Siku ya kuwasha mashine watu walijaa. Mimi nilivaa kitenge changu chenye maua ya njano; Klara akaja na chake, sare. Hatukukaa chumbani na wengine. Kila mmoja alisimama uani kwake na jembe, mbele ya mdomo wa bomba lake, na mche wa mgomba chini. Tulitazamana kwa mbali. Akanitabasamia. Nikasema moyoni, tabasamu mama, leo utalia.

Mashine ikanguruma. Kisha ikaanza kumwaga. Nikainama nichungulie mdomo wa bomba. Kukavu. Nikamtazama Klara, naye kainama. Kukavu.

Ndipo Sista akapiga kelele, tukakimbilia chumbani. Maji yalikuwa yanafoka juu ya bomba la ukutani, yanashuka kwenye sakafu mpya, yanabeba povu na mashuka safi hadi miguuni pa Balozi Yeremia.

Mazengo akafukua mtaro mbele ya watu wote. Akafungua tii. Akaingiza waya mkono wa huku, akavuta: kitambaa. Akaingiza mkono wa kule, akavuta: kitambaa. Vyote vina maua ya njano. Wanawake wakanitazama mimi, wakamtazama Klara. Mimi nikakunja upindo wangu ndani, na yeye akakunja wake.

"Nani kati yenu?" Sista akauliza.

Mazengo akavishika, kimoja kila mkono, hajui kipi cha nani. Ndiyo faida ya sare.

Sista akaamua palepale. Bomba liende moja kwa moja hadi mwisho wa mstari, kwenye kiwanja kisicho na mtu, na migomba iwe ya kijiji. Mazengo akachimba mtaro huo mrefu bila kunung'unika. Nikadhani ni aibu.

Migomba ikastawi ajabu. Mazengo alikuwa anaipalilia mwenyewe, kila jioni, anasema ni kazi ya ujamaa. Kiangazi kilichofuata akamwomba Balozi kiwanja kile. Akapewa. Akajenga. Akaenda Manyoni, akarudi na binti anaitwa Theodora, na jioni ile ile tukamsikia Mazengo anacheka kule migombani.

Asubuhi yake Klara aliingia uani kwangu bila hodi. Hakuniamkia. Macho yalikuwa mekundu, na mkononi alishika kipande cha kitenge cha maua ya njano, kimeshasokotwa.

"Mama Damiani," akasema, "bomba lile ni pana. Hiki peke yake hakitoshi."

Nikamvutia kigoda akae, nikaingia ndani kutafuta changu.