Udi wa Mama Zaina

Ijumaa Mardhiya angeolewa, na alikuwa bado hajaupata udi wa mama yake. Katika nyumba zile za Bagamoyo mjini, bibi harusi hufukizwa udi wa kwao, uliochanganywa kwa mkono wa mama. Mama yake, Zaina, alifariki mwaka wa sitini na nane, Mardhiya akiwa bado mtoto, asiache hata neno moja la namna alivyouchanganya.

"Nitanunua wa dukani," alisema shangazi yake, Bimdogo. "Harufu haifufuliwi, mwanangu."

"Haifufuliwi, shangazi, lakini hujengwa. Niachie sufuria."

"Haya, fundi mwashi! Usituunguzie nyumba."

Mardhiya alifumba macho. Hakuikimbilia harufu nzima. Aliichambua kama mchele kwenye ungo. Kwanza sukari iliyoanza kuungua. Nyuma yake marashi ya mawaridi. Kisha sandali, kavu, yenye kukwaruza koo. Chini kabisa karafuu, kidogo tu. Kila moja peke yake ilikuwa kitu cha kila siku, cha kuokota kwenye kabati. Akapika, akatia makaa kwenye chetezo, akanusa.

Udi mzuri. Lakini si mama.

Akaongeza ambari. Chumba kikanuka kama duka la kinyozi siku ya Idi. Bimdogo, kule ukumbini, alicheka mpaka akapaliwa.

Mardhiya hakutetereka. Akajiuliza: harufu ile niliinusia wapi? Si kwenye chetezo hata mara moja. Aliinusia kifuani kwa mama, uso umezama kwenye kanga, usingizi unamchukua. Basi si yote aliyoyatafuta yalikuwemo katika udi! Akili yake ya utotoni ilichukua moshi, ikachukua mafuta ya nazi ya nywele za mama, ikavifunga pamoja na kuvipa jina moja.

Akamwaga ule wa ambari, akapika upya wa vitu vinne. Akapaka nywele mafuta ya nazi, akajitanda kanga, akainama juu ya chetezo mpaka moshi ukamwenea.

Alipopita ukumbini, Bimdogo aliinuka ghafla. Akamvuta, akanusa bega lake.

"Wifi yangu huyu!"

"Siye, shangazi. Ni sukari, marashi, sandali, karafuu na nazi."

"Hebu nyamaza weye, usinihesabie." Akavua kanga ya mabegani, akamtupia. "Na yangu ifukize."