Tawi Juu ya Wodi ya Wazazi

Mjomba alikuwa amefunga kamba kwenye kitako cha tawi, pale linapoota kwenye shina, kama alivyofunga kwa miaka thelathini. Kima akaifungua.

Wenzake walimbandika jina hilo wiki ya kwanza kazini, kwa jinsi alivyoparamia miti, naye akalipokea kwa moyo mweupe. Kima, alisema, ndiye anayeviona kutoka juu vipara vya wakubwa wote.

Tawi lenyewe, nene kama pipa, lilikuwa limepasuka na kuinamia paa la wodi ya wazazi. Msimamizi wa hospitali alikuwa ameshakata shauri: litolewe bila kuvunja kigae hata kimoja, la sivyo kesho mti mzima unaangushwa.

"Wewe mtoto," mjomba akaita kutoka chini, "kitako ndicho kizito. Fundo linakaa kwenye uzito."

"Ukikishika kitako, mjomba, ncha ndiyo inayotangulia kushuka. Na ncha iko wapi?"

Mjomba akatazama. Ilikuwa juu ya vigae. Akakohoa.

"Kama kule shuleni," Kima akaongeza.

"Vigae vya shuleni vilikuwa vibovu."

"Vyote?"

"Funga unavyotaka. Ukinitia aibu namwambia mama yako huambiliki."

"Mama ni dada yako. Anajua nani haambiliki."

Akatambaa juu ya tawi, akafunga fundo kupita katikati, kuelekea ncha. Kamba ikapita kwenye panda ya juu, ikashuka hadi kwa mjomba, aliyeizungusha shinani mara tatu. Kina mama waliohamishiwa jengo la pili walijazana madirishani na vichanga vyao.

Kima akarudi shinani, akajifunga vizuri. Akaanza kukata kidogo kwa msumeno upande wa chini, gome lisichanike, kisha akakata kwa juu. Tawi likalia kwaa!

Kitako kikashuka kwanza, kikipita kando ya shina, na ncha ikainuka kutoka juu ya paa kama mtu anayepandisha sketi asiguse tope. Mjomba akalegeza kamba taratibu. Tawi likalala kwenye nyasi.

Madirishani vigelegele vikapasuka. Msimamizi akalizunguka jengo zima, shingo juu, akarudi mikono mitupu.

"Haya. Mti ubaki."

"Unaona, bwana," mjomba akamwambia, kifua mbele, "kamba haifungwi kitakoni hata siku moja."

Kule juu, Kima alicheka mpaka akalazimika kulikumbatia shina.