Mafundo Ndani ya Shimo la Mboji

Katika nyumba ile kila mtu aliijua sheria ya shimo, hata mgeni wa siku mbili: jani la mkaratusi haliingii. Ni gumu kama ngozi ya kiatu, huchelewa kuoza, na miche haipatani nalo. Atakayeliingiza atalichekecha shimo zima peke yake, hadi chembe ya mwisho. Sheria hiyo aliitunga mama mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, ambaye katika enzi zake aliweza kuinyamazisha wodi kwa kunyanyua nyusi tu.

Fundi saa, mkwewe, aliitii kuliko wote, maana alikuwa na lake jambo. Mama mkwe alikuwa amemwahidi ile pembe ya bustani iliyo karibu na tangi la maji, apande nyanya zake mwenyewe, iwapo shimo alilokabidhiwa lingetoa mboji safi. Lisipotoa, pembe ingekwenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa ameshaipima kwa hatua akitaka kupanda mawaridi.

Kwa hiyo fundi akageuka mtu wa majani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alipitia kwa mfagiaji wa ua wa posta, akajaza magunia mawili na kuyafunga nyuma ya baiskeli. Majani ya kando ya barabara hakuyagusa, kwa kuwa yalinuka mafuta ya magari. Nyumbani aliyamwaga shimoni, akayakanyaga, akayalowesha, akayafunika kwa magunia makuukuu. Lilipojaa akaliacha mwaka mmoja na nusu, akilinywesha maji kila Jumamosi, pasipo kulipekua, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Siku ya kulifunua, nyumba nzima ilisimama ukingoni. Sepetu ya kwanza ilitoa kitu cheusi, chepesi, kinachovunjika vidoleni na kunukia kama udongo uliopigwa na mvua. Mkewe alitabasamu. Sepetu ya tano ikatoa kitita cha majani ya mkaratusi, marefu na mazima, yamefungwa kwa uzi. Ya sita ikatoa kingine.

"Shemeji," alisema mdogo wa mkewe kwa sauti tamu, "na hayo ni ya posta? Naona yamekuja kama kifurushi."

"Sikuyaleta mimi, shemeji."

"Basi yamejileta. Mawaridi yangu yanakusalimu."

Fundi akatoa lenzi yake ya kazi mfukoni, akaibana jichoni, akautazama uzi. Ulikuwa wa nailoni, umezungushwa mara mbili, umepigwa mafundo mawili, na ncha zake zimekatwa sawasawa. Fundo la namna ile lilishikilia kamba ya kuanikia na vyandarua vyote vya nyumba ile. Hapo akakikumbuka kikohozi cha msimu wa baridi wa mwaka shimo lilipokuwa likijazwa, mama mkwe akijifukiza kila jioni, kichwa chini ya shuka, juu ya sufuria ya majani.

Akakitia kile kitita mfukoni. Akisema, atamwaibisha mama mkwe mbele ya watoto wake. Akinyamaza, nyanya zimekwenda.

"Mama," alisema, macho chini, "huenda yaliniponyoka mimi. Nitachekecha."

Mama alinyoosha mkono. "Lete hicho ulichokificha."

Akakileta. Mama akakigeuza mara mbili.

"Fundo hili ni la nani?"

Fundi akaanza kuifuta lenzi yake.

"Nimeuliza."

"Ni lako, Mama."

"Nawe ukataka kunidanganya."

"Nilitaka kukusitiri, Mama."

"Nisitiri na mvua, baba. Kosa niachie mwenyewe." Akakitupa kitita kando. "Nilidhani kule kuchemka kumeyamaliza nguvu. Tena, niseme kweli, niliona uvivu kwenda jalalani. Leteni chekeche na kigoda."

"Mama, na mgongo wako?" aliuliza mkewe fundi.

"Mgongo haukutunga sheria. Niliitunga mimi."

"Basi nikushikie upande mmoja," alisema mdogo mtu.

"Wewe kashike maji ukamwagilie nyanya za shemeji yako, akishapanda. Majani aliyoyaleta yeye ni safi. Pembe ni yake."

Binti huyo akacheka, akamsukuma fundi begani. "Nitazila, shemeji, ujue."

"Utazila zikiwa mbichi, kwa haraka hiyo."

Akaketi mama, akachekecha. Alichekecha kabla ya chakula na baada ya chakula, akiweka vitita kando kimoja kimoja, na kila aliyekaribia kumsaidia alinyanyuliwa nyusi. Vilitimia kumi na tisa. Jua lilipoanza kushuka, chembe ya mwisho ilipita kwenye wavu, naye akasimama polepole, mkono kiunoni, akampa mkwewe chekeche tupu.

"Imekwisha," alisema. "Sasa nichemshieni maji ya kuoga, na lisiwemo jani lolote."