Ngazi ya Mlango wa Nyuma

Jumamosi ile nilikwenda kanisani shingo upande. Tangu nimzike mke wangu sina pa kutulia: nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekuja kunigongea.

"Shemeji, vaa viatu. Leo tunamwaga zege. Na ngazi ya mlango wa nyuma imo."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti mwenyewe, mbele ya watu."

Nilikwenda kwa ajili ya ngazi hiyo tu. Mke wangu alikuwa na zamu ya usafi kanisani. Akawa anatoka na ndoo ya maji machafu, ngazi ikameguka chini ya mguu wake, akaangukia kisogo. Na alikwisha kuwaambia wakubwa kwamba inacheza. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akamjibu, "Tutaiangalia, mama." Kweli, waliiangalia. Kila Jumapili walipita wakaiangalia. Siku ya mazishi waliiangalia wote kwa pamoja, wamevaa suti.

Basi tukajipanga mstari kutoka penye zege hadi mlango wa mbele, wazee, vijana na akina mama wa kwaya. Kazi ya makarai haina ubwana: unapokea huku, unampa mwenzio kule, akizubaa mmoja wote mnasimama. Tulianza na jukwaa la nje, atakaposimama askofu mgeni. Wenzangu waliimba. Mimi mkono ulipokea, jicho likawa kule nyuma, ambako fundi alikuwa amekwisha kuizungushia ile ngazi mbao tangu asubuhi.

Jukwaa likajaa, fundi akalisawazisha. Zege likabaki lundo zima. Nikajua sasa ni zamu ya nyuma. Mwenyekiti akatoka kivulini, kofia ya ujenzi kichwani, haina hata tone la saruji.

"Mungu awabariki sana! Hilo lililobaki liongezeni hapahapa, jukwaa lipande kidogo, askofu aonekane."

"Na ngazi ya nyuma?" nikauliza.

"Mzee wangu, ile tutaiangalia."

Wimbo ukakatika. Nadhani hata yeye alilisikia neno lake, maana alivua miwani akaanza kuifuta.

Ningefungua mdomo ningetukana, na pale ni uwanja wa Mungu, si wa kamati. Nikashika karai langu, nikazunguka nyuma peke yangu, nikamwaga. Karai moja katika shimo lile ni sawa na kutema mate kisimani. Nikageuka kufuata jingine, nikamkuta shemeji yangu kwenye kona ya ukuta, karai mikononi. Nyuma yake mama wa sauti ya pili, nyuma yake mzee wa kupiga kengele, na wengine na wengine. Mstari ulikuwa umepinda.

"Pokea basi, shemeji! Unanitolea macho kama naomba posa?"

Nikapokea.

"Jamani, utaratibu!" mwenyekiti akapaza sauti. "Kamati haijapitisha!"

"Zege halilali, mwenyekiti," fundi akamwambia, koleo lake halikusimama. "Labda kamati ije iliimbie, lipate usingizi."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi kikanitoka, kikaniuma kifuani kama kikohozi cha siku nyingi. Hatukuacha mpaka mbao zikajaa. Jukwaa la askofu likabaki vilevile lilivyokuwa.

Zege lilipokomaa, Jumapili moja mwenyekiti alisimama kwenye matangazo. "Tunamshukuru Bwana. Ile ngazi ya nyuma, kamati imeiangalia."

"Amina," kanisa likaitikia.

Shemeji yangu, kule kwenye kwaya, akanikazia macho: kaa, shemeji, kaa. Hapakukalika. Nikainuka katikati ya amina yao, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaikanyaga ngazi kwa uzito wangu wote. Haikucheza.

Nikaikanyaga tena.