Uso wa Bwana Babin Juu ya Paa Letu

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia wakazi wote wa kusini mwa Louisiana, pamoja na kaa, bata na mamba wake, kwamba siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Taifa Huru la Nyumba ya Bibi Zénobie Naquin lilikataa rasmi kuhama. Taifa hilo lilikuwa na vyumba vitatu, kuku mmoja aliyenusurika, na matundu kumi na saba kwenye paa. Jeshi lake lilikuwa mimi, Clélie, mjukuu wa miaka kumi na sita, niliyerudishwa nyumbani kwa sababu bweni la masista nalo lilikuwa limeezuliwa.

Kimbunga kilipita Jumapili. Kilinyonyoa vigae vya upande wa kusini kama mtu anyonyoavyo kuku, kikaacha mbao uchi. Jumatatu ikafuata mvua, tulivu, kama mgeni anayejua kwamba hakuna wa kumfukuza. Tulitega sufuria zote, ndoo, mabeseni, mpaka bakuli alilonyolea ndevu marehemu Babu. Bibi alisimama akisikiliza matone huku kahawa yake ikichemka kwenye jiko la gesi.

"Chumbani kunavuja kwa sauti nzuri kuliko jikoni," akasema.

Jumanne ndipo alipokuja Bwana Ulysse Babin, mkuu wa wakaguzi wa majengo wilayani. Alikuwa akigombea ukuu wa wilaya, na bango la kampeni yake lilisimama kando ya barabara, hatua mia moja kutoka kwetu, nyuma ya kona ambako Bibi haoni akiwa barazani: plastiki nzito yenye upana wa nyumba, na juu yake uso wake ukitabasamu kwa meno ambayo sidhani yote yalikuwa yake. Aliingia, akatazama dari, akabonyeza ukuta kwa kidole. Kidole kikazama. Akatoka nje akabandika karatasi nyekundu mlangoni.

"Hiyo maana yake nini?" Bibi akauliza, ingawa kusoma anajua.

"Maana yake nyumba si salama, Mama Zénobie. Nitarudi Ijumaa. Nikikuta maji bado yanaingia, itabidi uhame, na nyumba itaandikwa ya kubomolewa."

"Nihamie wapi?"

"Si una binti yako Houston?"

"Ninaye. Anakaa ghorofa ya tisa na paka mwenye daktari wake. Ulysse, mimi nimezaliwa katika chumba hicho ulimosimama. Nimepitisha vimbunga kumi na kimoja humu ndani. Kimojawapo tulikipitisha pamoja, wewe ukiwa chini ya meza yangu, unalia."

Bwana Babin akakohoa. "Sheria ni sheria, Mama."

"Na mimi ni mimi. Funga mlango ukitoka, mbu wanaingia."

Basi taifa letu lilihitaji turubai. Kwa bahati mbaya kila paa, kuanzia la kanisa hadi la kilabu cha pombe, lilihitaji turubai, na lori la kuyaleta lilikuwa limekwama ng'ambo ya daraja. Mjomba Alcide alikuja na ngazi, misumari, nyundo na fito za mbao. Alikuja pia na kipaji chake cha kueleza kwa nini kazi haiwezekani.

"Mama, bila turubai nitapigilia nini huko juu? Sala?"

"Wewe ulishawahi kusali?" Bibi akamjibu.

Jumatano ilikuwa siku ya kupika. Huku kwetu umeme ukikatika siku tatu, barafu ya majokofu yote huyeyuka, kwa hiyo mtaa mzima hutoa kila kilichomo na kukipika siku moja kabla hakijaoza. Palikuwa na uduvi, kaa, bata mwitu, nyama ya kulungu na mkia mzima wa mamba. Siku kama hiyo hakuna anayetazama barabarani. Macho yote yako kwenye sufuria.

Historia inaeleza kwamba mnamo saa nane mchana, bango la Bwana Babin lilikutwa limelala kwenye majani ya Bibi, nyuma ya banda la kuku. Historia haielezi zaidi. Mimi ndiye niliyeligundua, nikakimbia kutoa habari.

"Ulikuwa wapi muda wote huu?" Mjomba akaniuliza, mdomo umejaa. "Mamba ameshakwisha."

"Nilikuwa natembea nikitafakari."

"Tangu lini?"

Bibi hakutusikiliza. Alikuwa ameshafika nyuma ya banda, anaikagua ile plastiki kwa mguu. Lazima niseme hapa kwamba tuna desturi, ya zamani kuliko wilaya yenyewe: kitu ambacho kimbunga kimekitupa kwenye ardhi yako ni chako. Babu alipata kiti cha kinyozi kwa njia hiyo, akakikalia miaka ishirini, na kinyozi mwenyewe alikuwa akija Krismasi kukisalimia. Lakini kitu kilichobaki kimesimama ni cha mwenyewe, hata kiwe msumari mmoja. Anayekigusa hicho ni mwizi, na jina hilo halimtoki.

"Kimbunga kimenikumbuka," akasema Bibi. "Alcide, nawa mikono."

Alhamisi tuliezeka. Amri ya Bibi ilikuwa fupi: uso utazame chini. "Sitaki ndege wa angani wadhani nampigia kura." Mjomba huogopa urefu kuanzia kidato cha nne cha ngazi, hivyo huko juu nilipanda mimi. Nilivusha plastiki mpaka ng'ambo ya mgongo wa paa, kwa sababu ukiishia chini yake maji hupenya kwa juu na kazi yako yote ni bure. Tukaviringisha kingo zake kwenye fito, tukapigilia fito kwenye mbao. Nilifanya kazi kwa saa tano, na nikashuka nimechafuka lami ya vigae vya zamani mpaka kwenye nyusi.

Mjomba alirudi nyuma hadi barabarani ili aone vizuri.

"Clélie. Mbona huyu bwana anatutazama?"

"Upepo uliligeuza wakati napigilia, Mjomba."

"Tena kichwa chini, miguu juu."

"Ulikuwa upepo mkali."

"Na masharubu ya lami amechorwa na upepo?"

"Upepo wa huku unajulikana."

Bibi akatoka, akalitazama paa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Linavuja?" akauliza.

"Hapana, Bibi."

Akarudi ndani.

Kufikia Ijumaa, habari zilikuwa zimevuka daraja lililofungwa. Watu walikuja na miavuli, wakajipanga barabarani wakipiga picha kwa simu. Mvua ilikuwa kubwa, kama vile tumeiagiza. Bwana Babin alishuka garini, akainua macho, akakutana na macho yake mwenyewe. Aliingia ndani, akazunguka vyumba vyote vitatu, akapapasa dari, akachungulia ndoo moja moja. Zilikuwa kavu. Alipotokea barazani alikuwa ameshika karatasi ya kijani, ile ya nyumba salama, lakini hakuibandika.

"Pakavu," akasema. "Lakini bango lile ni mali yangu, Mama Zénobie, na linashuka leo."

"Kilicholetwa na kimbunga kwenye ardhi yangu ni changu. Hata mama yako alijua hivyo."

"Una hakika ni kimbunga?"

Bibi akajinyoosha. "Naapa kwa kaburi la Théophile wangu."

Théophile ni Babu. Wazee waliokuwa barabarani wakavua kofia katikati ya mvua. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo ghafla vilikuwa na mambo mengi ya kutazamwa.

"Kimbunga au si kimbunga," akasema Bwana Babin, "linashuka."

Bibi hakubishana. Aliingia ndani, akaburuta kiti cha kinyozi mpaka katikati ya sebule, mlango ukiwa wazi ili kila mtu aone, akaketi.

"Ngazi iko pale," akasema. "Panda ulivue mwenyewe. Mimi nitakaa hapa hapa, maji yanimwagikie, na majirani zangu wapige picha. Uchaguzi ni lini vile?"

"Tarehe nane, Mama," ikajibu sauti kutoka barabarani.

"Tarehe nane. Panda basi, Ulysse. Ukiteleza nitakushika, nimeshawahi kukushika."

Bwana Babin aliitazama ngazi. Akazitazama simu. Kisha akabandua karatasi nyekundu na kubandika ya kijani, taratibu, akiilainisha kona zote nne.

"Mpaka mafundi wa paa watakapokuja," akasema.

"Mpaka watakapokuja," akakubali Bibi, kama vile yeye ndiye aliyetoa kibali.

"Angalau yale masharubu yafutwe."

"Mvua ikikatika."

Gari lilipoondoka, watu walishangilia, na Mjomba akaenda kuwagawia kahawa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba ya ushindi. Nilikuwa nimefika kwenye "ndugu wananchi" Bibi aliponiita. Alikuwa barazani, ameshika ncha ya kamba iliyokuwa ikining'inia kutoka ukingoni mwa paa, moja ya zile zilizofunga bango kwenye nguzo zake. Bibi amesuka nyavu miaka sitini.

"Kamba ikikatwa na upepo huwaje?"

"Huchanika, Bibi. Hutoka nyuzinyuzi."

Akaniwekea ncha ile kiganjani. Ilikuwa laini kama siagi iliyopitiwa na kisu.

"Nimeapa kwa babu yako," akasema. Hakupaza sauti. "Watu wamevua kofia."

Nilitafuta maneno makubwa waliyonifundisha masista, nikakuta yote yamehama.

"Ni mimi, Bibi. Lilikuwa limesimama. Kimbunga hakikuligusa hata kidogo. Nilizikata kamba Jumatano mlipokuwa mnakula, kwa kisu chako cha samaki, nikaliburuta mpaka nyuma ya banda. Niliogopa watakupeleka Houston."

Akaendelea kunitazama, akisubiri.

"Na uso niliuweka juu makusudi," nikasema. "Nilitaka kila anayepita amwone."